Zeituni zina vitobo, nipige dawa au niache? Na hivi vijiyai vya kwenye nyuzi ni vya nani?

Mmachame_Ughaibuni aliandika:

Wakuu habari za humu. Mimi ni mtu wa Moshi, huu mwaka wa sita niko Italia, pwani ya Toscana huku panaitwa Maremma, nimeoa hukuhuku. Baba mkwe ana mizeituni kama 140 hivi na mgongo umemkatalia, kwahiyo tangu mwaka jana shamba zima limeniangukia mimi. Kahawa na migomba nimekulia humo, mzeituni nilikuwa naujua wa kwenye Biblia tu 😂

Sasa wiki iliyopita napita shambani nikaona zeituni zina vialama vidogo vya kahawia, kama mtu kachoma na ncha ya sindano, ukikaza macho ni kama kapembetatu. Nyingine zina tobo kabisa la mviringo na ukibonyeza zimelegea. Nikapasua moja kwa kisu nikakuta funza mweupe kajilaza pembeni ya kokwa, kala njia nzima mpaka kumebaki kama unga mweusi.

Mzee yeye zamani alikuwa anapiga dawa moja ilikuwa inazama mpaka ndani ya tunda inamuua funza humohumo. Hiyo ya daimethoati, Ulaya wameifungia 2019. Kila akipita stoo anaangalia lile kopo tupu anaguna. Nikaenda mjini kwa muuza dawa mmoja, akanipa nyingine anasema hii inasafisha kila kitu, piga mara mbili uwe na amani. Hela nimetoa, chupa sijaifungua bado maana hilo neno "kila kitu" limenikaa vibaya.

La pili, chini ya majani kuna vijiyai vyeupe, kila kimoja kimesimama peke yake juu ya uzi mwembamba kama unywele. Mimi nikajua ndio mayai ya inzi anayezaa huyo funza, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta mti kwa mti, nimeshafuta miti sita na shingo inauma.

La tatu, miti ya kule barabarani imekuwa myeusi kama imepakwa masizi na sisimizi wanapanda na kushuka siku nzima. Hayo nayo ni ya inzi?

Naombeni msaada, mzee anataka jibu kabla ya Jumapili.

Mama_Kalamata alijibu:

Kaka ACHA KUFUTA. Weka kitambaa chini kabisa!

Hayo mayai sio ya inzi. Ni ya kale kadudu ka kijani kenye mabawa kama kioo na macho yanayong'aa kama dhahabu, bila shaka usiku unakaona kwenye taa ya kibarazani. Huyo mkubwa anakula chavua na ule utamutamu wa kwenye majani, lkn mtoto wake ni jambazi, ana mataya mawili kama koleo, anamchoma mdudu anamfyonza anabaki ganda. Anakula vidukari, anakula watoto wa wadudu gamba (wale wanaojibandika kwenye vijiti kama vivimbe), na anakula sana mayai ya yule nondo mdogo wa mzeituni, yule wa vizazi vitatu kwa mwaka, kimoja kinakula majani, cha pili maua, cha tatu kinaingia kwenye kitunda kichanga kinadondoka mwezi wa sita. Kwanini mayai yako juu ya uzi? Sisimizi wasiyafikie, na pia hao watoto wakianguliwa wanaweza kulana wenyewe kwa wenyewe. Umefuta walinzi wa miti sita, pole, watarudi.

Inzi wa zeituni yai lake huwezi kuliona kwa nje, analiweka chini ya ngozi ya tunda. Kale kapembetatu ulikokaona ndio mlango aliochoma. Mwenyewe ni mdogo, milimita 4 au 5, kwenye ncha ya kila bawa ana kadoa keusi, hapo ndio unamjua.

Mimi niko Ugiriki miaka 11, Messinia, kazi yangu kuvuna na kupogolea. Kabla hujapiga chochote fanya hivi: chuma zeituni 100, sio mti mmoja, zunguka shamba, usawa wa kichwa chako, pande zote za mti, na usichague mbaya, chuma tu kwa kupapasa. Kaa mezani na kisu kikali na miwani ya kusomea. Pasua moja moja uandike mafungu: yenye yai au funza mdogo ALIYE HAI, yenye funza mkubwa au kifukofuko (funza akiwa anajigeuza kuwa inzi), yenye tobo la kutokea, na yenye alama kavu isiyo na kitu ndani. Hiyo ya mwisho usiihesabu kama hasara, joto likipita 35 mayai mengi na funza wadogo wanafia humo humo, na mainzi yenyewe yanajificha hayatagi. Kwa zeituni za mafuta watu wengi wanaanza kufikiria dawa pale zenye walio hai zikifika 10 mpaka 15 kwenye mia. Za kula mezani hapo hata moja ni kelele.

Masizi ya barabarani ni kitu kingine, nitarudi, watoto wanalia njaa.

Babu_Pulizia alijibu:

Mnampoteza kijana. Zeituni 100 unapasua wakati inzi anataga? Mimi nilikuwa Liguria 2014 nikafanya kazi ya kuvuna, ule mwaka kiangazi kilikuwa cha mvua na ubaridi, inzi hakulala hata siku moja, Italia nzima watu wamelia. Kuna wenye mashamba hawakutandika hata nyavu chini, wameacha zidondoke maana mafuta yake yangekuwa ya taa. Jike mmoja anataga mayai 200 na zaidi, na anaweka moja kwenye kila tunda, fanya hesabu yake. Piga dawa ulale. Mambo ya vidudu vya kijani waachieni watu wenye mishahara.

Mama_Kalamata alijibu:

Babu shikamoo, 2014 naikumbuka. Lkn umejibu mwenyewe, ulikuwa mwaka wa mvua na ubaridi. Ndio maana namwambia ahesabu, miaka haifanani.

Na sasa sikilizeni ya masizi. Hayo masizi ni ukungu, unaota juu ya mkojo mtamu wa wadudu gamba. Angalia kwenye vijiti utaona vivimbe vya kahawia mpaka vyeusi, jike mzima mgongoni ana mistari kama herufi H. Sisimizi wanapanda kunywa huo utamu na kwa malipo wanawafukuza maadui zake. Mdudu huyo ana maadui chungu nzima, kuna vinyigu vidogo kuliko punje ya ulezi vinataga ndani yake, kuna mdudu kibibi mweusi mwenye vidoa vyekundu. Sasa mtu akipiga ile dawa ya "kila kitu" mara mbili, inzi wanapungua wiki mbili tatu wengine wanaingia kutoka kwa jirani, vinyigu vimekufa vyote, na gamba mwenyewe kalala chini ya ngao yake salama. Mwaka unaofuata shamba jeusi tii. Mimi nimeosha mizeituni kama hiyo kwa sabuni mti mmoja mmoja, sitaki kurudia. Mmachame pogolea hiyo miti ya barabarani, hewa na jua viingie katikati, gamba anapenda kivuli kizito na mbolea nyingi ya naitrojeni.

Mtu_wa_Msitu alijibu:

Sasa watu wangu. Mimi niko Nanyuki, siko na mzeituni wa mafuta hata mmoja lakini hii maneno inanihusu, wacha niwaambie kitu wengi hawajui.

Huyo inzi ni wetu. Huku Kenya tuko na mzeituni mwitu, Wakikuyu wanauita mutamaiyu, Wamaasai oloirien, ule mti vijiti vyake vinachomwa kusafisha kibuyu cha maziwa. Una matunda madogo meusi, nyama kidogo sana juu ya kokwa. Ukipasua unapata funza yuleyule, Bactrocera oleae. Amekaa na huo mti tangu zamani za kale, na hapa hakuna mtu anamlilia. Kwa nini? Kwa sababu nyuma yake ako na nyigu. Sio nyigu wa kuuma watu, ni wadogo sana, jike ako na kitu kama sindano nyuma ya tumbo, anatembea juu ya tunda akisikiliza na miguu na papasi, akijua funza ako hapo chini anapitisha sindano anataga ndani ya funza. Mtoto wa nyigu anakula funza kutoka ndani polepole, mwisho pahali pa inzi anatoka nyigu.

Inzi wa zeituni alipoonekana California 1998, Waamerika wakaanza kutafuta maadui zake Afrika. Nyigu mmoja anaitwa Psyttalia lounsburyi walimtoa hapa kwetu, msitu wa Burguret, hapa chini ya Mlima Kenya, akapitia maabara yao kule Ufaransa karibu na Montpellier ndio akapelekwa California. Sehemu za pwani ya huko amepata makao. Na ndugu wa Moshi utafurahia hii: mwingine wa jamii hiyo alitolewa kwa inzi wa kwenye buni, kahawa ya Kenya, akazalishwa Guatemala ndio akasafirishwa. Nyigu wa kahawa akatumwa kulinda zeituni.

Lakini usikimbie kununua nyigu, kuna shida na inaonekana kwa kisu chako. Zeituni ya mwitu ni ndogo, funza hana pa kujificha, sindano inamfikia. Zeituni mmelima nyinyi ni nono, funza akizama karibu na kokwa sindano inakuwa fupi. Binadamu alinenepesha tunda akamjengea inzi ngome. Huko Mediterania wamejaribu nyigu wa aina hiyo karibu miaka mia, kuna mmoja alitoka Tunisia mwanzo wa karne iliyopita, ukimwachilia wengi mwaka huo anasaidia kidogo, akikaa peke yake anapungua.

Watu wa maembe Makueni na Murang'a wanajua hii hadithi ikiwa imegeuzwa. Inzi wa Asia aliingia Kenya 2003 bila nyigu zake, akamaliza maembe, ICIPE, wale watafiti wa wadudu, wakaleta nyigu wa kumfuata. Sisi tulimpatia Ulaya wa kwetu, Asia wakatuletea wa kwao.

Chumbageni_Jaén alijibu:

Duh Mtu wa Msitu umenifanya nicheke peke yangu kwenye basi.

Mmachame hiyo chupa ya muuza dawa irudishe kama anapokea, kama hapokei ifungie. Mimi niko Hispania, Andalusia, huku mizeituni ni kama mikonge ya kwetu Tanga enzi zile, unaendesha saa nzima ni yenyewe tu. Kuna mtego wa maskini huku wanauita OLIPE, umetoka kwenye ushirika mmoja wa Los Pedroches, kule Córdoba. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa matundu manne matano ya milimita 5 juu kwenye mabega ya chupa (tumia msumari wa moto, kisu kinapasua), ndani tia maji yenye mbolea ya DAP. Ndio, DAP ileile ya kupandia mahindi! Gramu 40 mpaka 50 kwa lita. Inatoa harufu ya amonia, inzi jike anatafuta protini ya kutengenezea mayai, anaingia hajui pa kutokea. Jaza robo tatu, tundika ndani ya mti upande wa kusini lkn kwenye kivuli. Maji yakipungua ongeza.

Ila usije ukadanganywa kwamba chupa zitamaliza inzi. Kama shamba ni dogo na majirani hawafanyi chochote wanakuja wa jirani. Na ubaya wake ni kwamba wale wa kijani wa Mama Kalamata nao wanaingia humo, mimi nimewakuta wameelea nikajisikia vibaya. Hesabu kila wiki, ukiona unakamata walinzi wengi kuliko wezi punguza chupa.

Njia nyingine, udongo mweupe, kaolini. Unakoroga na maji unapulizia mti mzima unakuwa kama umemwagiwa unga wa sembe, inzi akitua hapatambui na miguu inajaa vumbi. Mvua ikinyesha unarudia. Na mrututu (dawa ya shaba) na chokaa najua Wachagga mnaujua kwenye kahawa, huku nao wanapiga, wanasema unamkera inzi na unaua bakteria fulani anayeishi tumboni mwa huyo mdudu, bila huyo bakteria funza hawezi kula zeituni mbichi chungu. Lkn usizidishe, shaba haiozi, inabaki kwenye udongo. Na kama hesabu ikivuka kabisa kuna dawa ya chambo ya spinosadi, hiyo hupigi mti mzima, unarushia kiraka kidogo upande mmoja wa mti, inzi anafuata utamu mwenyewe. Babu, umeona? Hatukatai dawa, tunakataa kumwaga.

Halafu kitu cha mwisho kwasababu uko Maremma. Mwezi wa nne ukiona kwenye magugu kuna povu kama mtu katema mate, ndani kuna kadudu kachanga. Peke yake hana neno, lkn ndiye anayebeba Xylella, ule ugonjwa uliogunduliwa Puglia, kusini mwa Italia, 2013 ukakausha mizeituni ya watu mpaka ya miaka mia tano. Huko kwenu Monte Argentario waliikuta 2018, aina nyingine sio ya Puglia, lkn uliza ofisi ya kilimo ya mkoa wanataka ukate magugu lini. Ukikata mapema vile vidudu vya kwenye povu vinakauka kabla havijaota mabawa.

Mama_Kalamata alijibu:

Kwenye magugu ongeza hapo: pembezoni usifyeke kila kitu. Kuna lile gugu la maua ya njano linalonata mkononi kama gundi, Waitaliano wanaliita inula. Linapata vivimbe kwenye maua, ndani kuna inzi mwingine asiyehusika na zeituni na humo vinajificha wakati wa baridi vinyigu ambavyo kiangazi vinahamia kwa inzi wa zeituni. Wazee wa huku wanaliacha kwenye kingo. Msaada wake sio wa kuokoa shamba ila haulipii kitu. Na mwenye kuku awafungulie chini ya miti, vifukofuko vya inzi vya mwisho wa msimu vinaangukia kwenye udongo, kuku hana mchezo.

Mmachame_Ughaibuni aliandika:

Wakuu nimerudi. Jumapili baada ya kula mezani pakafunikwa gazeti, mimi, mke wangu, mzee na kisu chake cha kupogolea. Zeituni 100 za mafuta: 7 zina funza mdogo hai, 2 zina funza mkubwa, 4 zina tobo la kutokea, 12 zina alama kavu hazina kitu. Mzee hizo 12 alikuwa anazipasua mara mbilimbili haamini, anatafuta funza hamuoni.

Halafu kuna miti mitano karibu na nyumba, ile aina ya zeituni kubwa za kula wanaita Ascolana. Nikapasua 20 tu. Kumi na tatu zina funza!! Mti umepakana kabisa na ile midogo, hatua kumi. Mtu wa Msitu nilikumbuka maneno yako ya ngome, nikamtafsiria mzee, akakaa kimya akasema wao wamekuwa wakipiga dawa shamba zima miaka 30 na hakuna siku aliwahi kupasua za nyumbani na za shambani kwa mafungu.

Kwahiyo hatujapiga. Chupa 20 nimetundika, nyingi kuzunguka ile miti mitano. Zile za kula zilizoharibika tumechuma zote tumezifunga kwenye nailoni nyeusi juani. Na kale katoto ka kijani nimekaona wakuu! Kako kwenye kijiti cha barabarani, kamekamata kigamba kichanga kwa yale makoleo, kimepinduliwa miguu juu. Mzee aliangalia kwa kioo cha kusomea gazeti mpaka kahawa yake ikapoa.

Babu_Pulizia alijibu:

7 kwenye mia sio mbaya. Lkn mvua ya mwezi wa tisa ikianza pasua tena, usije ukasema hukuambiwa.

Mmachame_Ughaibuni aliandika:

Babu nilikusikia. Nilipasua tena baada ya mvua ya tarehe 24, ikawa 11. Tukaamua kuvuna mapema badala ya kusubiri mwezi wa kumi na moja kama kawaida ya mzee, tumeanza tarehe 12 mwezi wa kumi, zeituni nusu kijani, na kila jioni zinapelekwa kukamuliwa siku hiyohiyo. Mafuta yametoka machache kuliko mwaka jana hilo siwafichi, ila asidi imesoma 0.3 na mwisho wa kuitwa mafuta bikira ya daraja la kwanza ni 0.8. Yanakereketa kooni kama pilipili, mzee anajisifu kwa majirani kama vile wazo lilikuwa lake.

Swali moja tu: chupa nizitoe au zikae mpaka mwakani? Ya mwisho nilikuta inzi 31 na wale wadudu wa kijani 4.

Chumbageni_Jaén alijibu:

Zitoe, zioshe, weka stoo. Na usiache zeituni hata moja juu ya mti, pita tena na fimbo, hasa ile mitano ya nyumbani. Zinazobaki juu ndio chakula cha inzi wa mwezi wa tatu.

Mama_Kalamata alijibu:

Na ile miti sita uliyofuta, mwezi wa tano kaangalie chini ya majani utupe ripoti.